Ketoni za damu: kipimo ambacho mashine ya sukari haikupi

Ketoni ni asidi ambazo ini hutengeneza mwili unapochoma mafuta badala ya sukari. Kidogo si tatizo: aliyefunga tangu alfajiri huwa nazo kiasi fulani jioni. Balaa huanza kwa mwenye kisukari aliyepungukiwa insulini. Sukari imefurika kwenye damu ila haiingii kwenye seli, basi mwili unajiona una njaa, unayeyusha mafuta bila kikomo, na damu inajaa asidi. Hiyo ndiyo ketoasidosisi, na inaua.

Ukipima sukari ukakuta 25 (mmol/L), umejua imepanda. Hujajua kama damu ina asidi. Watu wawili wenye 25 hiyohiyo, mmoja anaweza kurudi nyumbani na vidonge vyake, mwingine anahitaji dripu na insulini sasa hivi. Anayewatenganisha ni ketoni.

Unatoboa kidole vilevile, ila stripi ni ya ketoni. Ya sukari haifanyi kazi hiyo. Majibu hutoka baada ya sekunde chache. Chini ya 0.6 (mmol/L) ni kawaida. Kuanzia 0.6 hadi 1.5 rudia baada ya saa mbili hivi. Ikivuka 1.5 piga simu kwa daktari au nenda kituoni. Ikifika 3 ni hospitali, usiku au mchana.

Wengi tumezoea stripi ya mkojo, kwa kuwa ni rahisi na inapatikana. Ina kasoro mbili. Kwanza, mkojo umekaa kibofuni, hivyo unakusimulia ya saa zilizopita. Pili, inaona aina moja tu ya ketoni, asetoasetati, wakati kwenye ketoasidosisi inayotawala ni aina nyingine, beta-hidroksibutirati, ambayo ndiyo stripi ya damu inaipima. Mgonjwa akianza kupona, beta hiyo hugeuka kuwa asetoasetati, na stripi ya mkojo inaweza kubaki zambarau iliyokolea kana kwamba dawa haifanyi kazi. Kwenye damu, matibabu yakienda sawa, ketoni hushuka angalau 0.5 kila saa.

Huku kwetu Kigoma na Tabora kuna mtego mwingine, malaria. Mtoto anatapika, tumbo linauma, analegea, anahema haraka. Kila mtu anawaza malaria, na kipimo kikionyesha malaria kweli, mjadala unafungwa. Kumbe maambukizi yenyewe ndiyo huchochea ketoasidosisi. Muulize mama: anakunywa maji kupita kawaida? Ameanza tena kukojoa kitandani? Sogea usikie pumzi yake; kama ni ndefu, nzito, yenye harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, pima sukari na ketoni hata kama malaria ipo.

Kuna wachache ambao sukari yao haipandi sana na bado wana ketoasidosisi, hasa wanaotumia dawa za kisukari za kundi la gliflozini, na wajawazito. Kwao ketoni ndiyo pekee inayowasemea.

Stripi za ketoni za damu ni ghali kuliko za sukari, na zahanati nyingi hazina. Zikikosekana, mkojo wenye ketoni alama mbili (++) au zaidi, sukari juu ya 11 na pumzi ile nzito vinatosha kuanzisha dripu na kuita gari la wagonjwa kwenda hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora). Na anayetegemea insulini asiiache eti kwa sababu hajala.