Aliye na huzuni si lazima awekewe singeli

"Ukiwa na huzuni, usisikilize nyimbo za huzuni, utazama zaidi." Hapa Dar kauli hii husikika sana, hasa masika, mvua ikiwa imekufungia ndani. Mtu kaachwa, kalala chumbani Sinza, shoga yake anamfungulia singeli yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Nia njema, lakini anamwonea.

Mwaka 2014, Liila Taruffi na Stefan Koelsch walichapisha utafiti uliohusisha watu 772. Hisia iliyotajwa zaidi wakati wa kusikiliza muziki wa huzuni haikuwa huzuni, bali ile hamu tamu ya siku zilizopita. Wengi pia huutumia kutuliza moyo.

Watabibu wa muziki wana kanuni ya zamani: anza na wimbo unaofanana na hali yako, kisha badilisha polepole. Kwa hiyo taarabu ya taratibu kwanza, halafu dansi, singeli baadaye sana. Mimi video za nyimbo huziweka kando mwanzoni; picha za mwingine hufukuza kumbukumbu zako.

Ila mwenye sonona, anayerudiarudia wazo lilelile usiku kucha, nyimbo za huzuni zinaweza kumzidishia. Huyo asiachwe peke yake na spika.