Traidenti ya Minecraft: maneno ya kijiweni na hesabu zenyewe

Kwenye Minecraft kuna silaha moja ambayo meza ya ufundi haiwezi kukutengenezea: traidenti, ule mkuki wa ncha tatu. Njia inayojulikana zaidi ya kuipata ni kumuua zombi wa majini aliyeishika, kisha bahati ikubali. Tangu iingie kwenye gemu mwaka 2018 imezungukwa na maneno mengi, na hapa Dodoma yanachanganya zaidi kwa sababu moja. Kijana wa Ipagala au wa mabweni ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anacheza kwa simu, yaani toleo la Bedrock, halafu anafuata video ya mtu anayecheza toleo la Java kwenye kompyuta. Namba za matoleo haya mawili zinapishana sana. Ushauri wa huku ukiupeleka kule, jioni yako yote imekwenda bure.

"Ukiua zombi mia wa majini, traidenti lazima itoke"

Bahati hapa ziko mbili, na kila moja inajitegemea. Ya kwanza ni zombi kuzaliwa akiwa na traidenti mkononi. Ya pili ni kuidondosha anapokufa. Kwenye Java, zombi wa majini aliyezaliwa kwa kawaida ana asilimia 6.25 ya kuwa nayo, na akifa ana asilimia 8.5 ya kuidondosha. Zidisha: unapata takriban zombi mmoja kati ya 188. Ukiua mia bila kuchagua, uwezekano wa kupata hata moja ni karibu asilimia 41 tu.

Kwenye Bedrock wanaozaliwa nayo ni asilimia 15, na kudondosha ni asilimia 25. Hapo ni mmoja kati ya 27 hivi, na ukiua mia una asilimia 98 ya kuondoka na mkuki. Kwa hiyo anayesema "mia inatosha" huenda hadanganyi, anasema ya simu yake. Tatizo linaanza pale rafiki yake wa kompyuta anapomwamini.

Jambo la kushika ni hili: usihesabu maiti, hesabu waliokuwa na mkuki mkononi. Mikono mitupu ni kupoteza muda na kula upanga. Kwenye Java, asiyeishika traidenti haidondoshi, hata umuue kwa ustadi gani.

"Nimeshaua wenye mikuki kumi bila kitu, huyu wa kumi na moja ni wangu"

Gemu haiweki kumbukumbu ya uliokosa. Rusha sarafu ya shilingi mia mara tano, iangukie upande uleule mara zote tano. Mara ya sita bado ni nusu kwa nusu. Unachoweza kufanya ni kupanga safari yako mapema. Kwenye Java bila uchawi wowote, ili ufikie asilimia 90 ya kupata angalau traidenti moja, jiandae kuua 26 walioshika. Ukiwa na Looting III, yaani daraja la tatu la uchawi wa upanga unaoongeza bahati ya adui kudondosha vitu, wanatosha 19. Kwenye Bedrock bila uchawi ni wanane hivi, na kwa Looting III ni watano. Ukienda ukiwa na namba hiyo kichwani, hutakata tamaa kwa wa kumi wala hutadhani gemu imeharibika.

"Looting inaongeza mara tatu"

Haiongezi hivyo. Kwenye Java kila daraja huongeza asilimia 1 juu ya ile 8.5, kwa hiyo Looting III inakufikisha 11.5. Kwenye Bedrock kila daraja huongeza asilimia 4: kutoka 25 kwenda 29, 33, mwisho 37. Na haigusi ile bahati ya kwanza. Idadi ya zombi wanaozaliwa na mikuki inabaki palepale.

Hata hivyo inafaa kuhangaikia. Looting ni uchawi wa upanga. Panga rafu 15 za vitabu kuzunguka meza ya uchawi ili upate chaguo la daraja la 30, na kama meza imekupa Looting II mara mbili, ziunganishe kwenye fuawe uipate ya III. Wapo pia wanaoweka Fortune kwenye sururu wakidhani itasaidia. Fortune ni ya madini na mimea, haina kazi kwa maadui. Luck of the Sea nayo ni ya ndoana ya kuvulia samaki, basi.

"Mkuki aliokurushia, ukiuokota ni wako"

Hauokotwi. Zombi anarusha bila kuishiwa, na ile iliyochoma mchanga pembeni yako itabaki pale mpaka itoweke. Mwenye kupata ni yule aliyeua, siyo aliyekwepa vizuri.

"Weka difikalti (kiwango cha ugumu) ya juu, vitu adimu vitamwagika"

Hili lina chembe ya ukweli iliyopelekwa pasipo pake. Kwenye Java, zombi wa kawaida wa nchi kavu huzaliwa na upanga au koleo la chuma kwa asilimia 5 ukiwa Hard, na asilimia 1 tu ukiwa Easy au Normal. Traidenti haimo katika utaratibu huo. Hard itakuongezea maumivu, mkuki haitakuongezea. Kwa anayetafuta traidenti peke yake, Easy inatosha. Usishuke mpaka Peaceful, kwa sababu zombi watatoweka wote.

"Chukua zombi wa nchi kavu, mzamishe, atageuka na kukupa"

Kugeuka anageuka. Kichwa kikikaa chini ya maji sekunde 30 anaanza kutetemeka, na sekunde 15 baadaye ni zombi wa majini. Lakini kwenye Java aliyegeuzwa hivyo hapewi traidenti. Mashamba mengi, yaani mitego ya kukusanya na kuua maadui, yanayojengwa juu ya kizalishio cha zombi huishia kutoa nyama iliyooza na shaba kwa sababu hiyo, na mjenzi anabaki akilaumu vipimo vyake vya maji. Unahitaji waliozaliwa majini wenyewe.

Hao watafute mtoni kabla ya baharini. Kwenye Java, jaribio la gemu kuzalisha zombi wa majini mtoni hupita mara 1 kati ya 15. Baharini hupita mara 1 kati ya 40, tena lazima pawe chini ya usawa wa Y 58 (Y ni kipimo cha kimo cha mahali kwenye gemu). Mto ulioganda barafu uruke, hapo ni nadra sana. Kote kunatakiwa giza kamili, mwanga 0. Mapango yaliyo chini ya mto yawekee mienge: maadui wakijaa kule chini wanakula nafasi ambazo zombi wako wangezitumia, na hilo ndilo linalowafanya watu waone mto mtupu usiku kucha.

"Simu haizalishi zombi wa majini"

Inazalisha. Angalia setingi ya umbali wa simulesheni, yaani eneo linalokuzunguka ambalo gemu inaliendesha. Ukiwa kwenye chanki 4 (chanki ni kipande cha ramani chenye upana wa bloki 16), ambazo simu nyingi hutumia, maadui huzaliwa kati ya bloki 24 na 44 kutoka ulipo, na wakivuka 44 wanafutika. Kwa hiyo kusimama juu ya kilima na kusubiri mto ulio mbali hakuna faida. Simama bloki 30 hivi kutoka kwenye maji. Chanki 6 na kuendelea zinapanua eneo hadi bloki 128, ila kwa joto la Dodoma la Oktoba simu inachemka na fremu zinashuka. Anayecheza mchana chini ya bati abaki kwenye 4, achague mto mwembamba.

"Mtego wa kuua wenyewe utakuletea ukiwa umelala"

Kwenye Java, silaha aliyozaliwa nayo adui hudondoka tu kama mchezaji, au mbwa wake aliyefugwa, amempiga ndani ya sekunde 5 kabla ya kufa. Magma ikimuua, au jua likimuunguza, traidenti inapotea naye. Dawa ni kumdhoofisha bila kummaliza. Zombi wa majini ana uhai 20. Mwangushe kutoka bloki 22 juu ya sakafu kavu, abaki na nusu moyo, umalizie kwa mkono wako ukiwa na upanga wa Looting. Bloki 23 zinamuua, na bwawa la maji chini linafuta madhara yote ya kuanguka. Kosa la bloki moja tu huharibu shamba zima.

Bila shamba, mvute nchi kavu usiku. Mchana hakufuati nje ya maji. Tanguliza ngao, inazuia mkuki. Kwenye simu ngao huinuka ukichuchumaa.

"Iliyotoka ikiwa imechakaa ni ya kutupa"

Iliyodondoshwa karibu kila mara huwa imechakaa, kwa kuwa uimara wake hupangwa kwa bahati kati ya pointi 250. Itunze. Ukipata ya pili, ziunganishe kwenye fuawe: uimara unajumlishwa na unaongezewa asilimia 12 ya ule wa juu kabisa, yaani pointi 30. Ukipata kitabu cha Mending, kila pointi ya uzoefu utakayookota ukiwa umeishika itaitengeneza. Kabla ya kuiwekea uchawi mwingine amua matumizi, kwa sababu Riptide haikai pamoja na Loyalty (inayoirudisha mkononi ukiirusha) wala Channeling (inayoita radi), na ukishaweka Riptide huwezi kuirusha kabisa. Itakurusha wewe, tena ukiwa majini au kwenye mvua tu.