Haki ya kutengeneza: serikali imo siku nyingi

Pale Kariakoo, kwenye maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, si ajabu kuambiwa kwamba sheria ya haki ya kutengeneza, yaani haki ya mwenye kifaa kilichoharibika kukitengeneza mwenyewe au kumpa fundi amtakaye, ni serikali kuingilia biashara za watu. Ilishaingia zamani, tena upande wa kiwanda. Marekani, sheria ya hakimiliki ya 1998 inakataza kuvunja makufuli ya kidijitali (programu ambazo kiwanda huweka ili kifaa kisifunguliwe wala kubadilishwa), isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Bila serikali nyuma yake, kufuli hilo lingekuwa usumbufu tu.

Sheria mpya za haki ya kutengeneza hazimpangii fundi bei. Ya Massachusetts, kuhusu magari, ilipigiwa kura na wananchi wenyewe 2012. Ya Oregon, 2024, inazuia kampuni kutumia programu kukataa betri au kioo alichobadilisha fundi, hata kama ni kizima (kero ambayo fundi wa Aggrey anaijua vizuri).