Je, Wajua Kwa Nini Konokono Anayenusa Adui Hukumbuka kwa Muda Mrefu Zaidi?

Konokono wa madimbwini, ajulikanaye kwa jina la kisayansi Lymnaea stagnalis, hupumua kwa ngozi akiwa majini, lakini oksijeni ikipungua hupanda juu na kufungua tundu dogo lililo ubavuni ili avute hewa. Tabia hiyo iliwapa Ken Lukowiak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, njia ya kupima kumbukumbu yake. Humweka katika maji yaliyopitishwa naitrojeni ili oksijeni itoke, na kila aanzapo kufungua tundu humgusa hapo kwa kijiti chembamba, naye hulifunga papo hapo. Baada ya nusu saa huwa amekwisha kujifunza kutolifungua ovyo.

Katika maji ya kawaida, somo la nusu saa husahaulika baada ya saa chache. Somo lilelile likitolewa katika maji walimokaa kamba wa maji baridi, ambao huwala konokono hao, hukumbukwa hata baada ya saa 24. Ajabu ni kwamba kamba mwenyewe hayumo chomboni, na kijiti hakihusiani naye hata kidogo. Harufu tu imelipa uzito somo lisiloihusu.

Harufu hiyo hupokewa na kiungo kiitwacho osfradiamu, kilicho karibu na tundu la kupumulia, na neva yake ikikatwa kumbukumbu hairefuki tena. Taarifa huathiri seli moja ya neva, RPeD1, ambayo ndiyo huanzisha mwendo wa kupumua hewa: konokono akinusa kamba, seli hiyo hupunguza msisimko wake, yaani huelekea kwenye hali ileile ambayo mafunzo huiletea. Watafiti walipoharibu mwili wa seli hiyo, ulio na kiini chake, na kuuacha uzi wake, konokono bado alijifunza na kukumbuka kwa saa chache, ila kumbukumbu ya muda mrefu haikujengeka, kwa sababu hiyo huhitaji jeni zifanye kazi kiinini.

Si kila adui huleta matokeo hayo. Konokono wa mto Belly, katika jimbo la Alberta, ambako salamanda, mnyama wa jamii ya vyura aliye na umbo la mjusi, huwawinda, huitikia harufu ya salamanda na kupuuza ya kamba. Wale wenye asili ya Uholanzi hufanya kinyume chake, ingawa wamefugwa maabara tangu miaka ya 1950, vizazi kwa vizazi, bila kukutana na kamba yeyote, jambo linaloonyesha kwamba utambuzi huo hurithiwa.