Mgeni Asiyeweza Kupewa Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini wageni waliofikia kwa Vesel na Fatima Veseli huko Kruja, katika milima ya Albania, hawakuweza kupewa jembe, maana shambani wangeonekana. Walikuwa Wayahudi waliowindwa na Wajerumani wa utawala wa Kinazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: Moshe Mandil, mkewe Gabriela, na watoto wao Gavra na Irena.

Moshe alikuwa mpiga picha wa Novi Sad, Yugoslavia. Wajerumani walipoivamia nchi hiyo Aprili 1941, alikimbilia Kosovo iliyokuwa chini ya Waitalia, akafungwa pamoja na familia yake mjini Pristina, kisha mwaka 1942 wakahamishiwa Albania. Septemba 1943 Italia ikasalimu amri na Wajerumani wakaingia hadi huko. Katika studio ambamo Moshe alipata kazi mjini Tirana kulikuwa na mwanagenzi wa miaka 17, Refik Veseli. Kijana huyo aliomba ruhusa kwa wazazi wake, akawapeleka akina Mandil kwao Kruja kwa nyumbu, wakisafiri usiku na kujificha mapangoni mchana.

Moshe na Gabriela waliwekwa katika chumba kidogo juu ya zizi. Watoto wao waliachwa nje wachanganyike na watoto wa mji ule, na baadaye familia nyingine ya Kiyahudi ikaongezwa. Hapo ndipo ninapopenda kuwasimamisha wasomaji. Mtoto anayecheza uwanjani hafichiki, kwa hiyo siri ile ilikuwa mikononi mwa majirani pia. Tena si siri ya wiki moja: ilidumu mpaka Albania ilipokombolewa, Novemba 1944. Tukizoea kusimulia habari za shujaa mmoja, tunamsahau anayeongeza maji kwenye sufuria, anayepandisha chakula zizini, na jirani anayeona akanyamaza.

Waalbania wana neno besa, yaani ahadi ambayo mtu haivunji hata ikimgharimu. Sheria zao za jadi zinasema nyumba ya Mwalbania ni ya Mungu na ya mgeni. Familia ya Veseli, Waislamu kama Waalbania wengi, iliishi hivyo. Kabla ya vita Albania ilikuwa na Wayahudi wapatao 200. Vita vilipokwisha walikuwa karibu 2,000, wengi wao wakimbizi.

Tusiipake rangi hadithi hii, hata hivyo. Mei 1944 huko Pristina, askari wa kikosi cha SS, jeshi la chama cha Nazi, kilichoundwa na Waalbania waliwakamata Wayahudi 281. Desturi peke yake haimfichi mtu. Mtu hufichwa na mtu.

Habari za Kruja zilichelewa kufika nje, kwani utawala wa kikomunisti wa Enver Hoxha, ulioshika madaraka baada ya vita, uliifunga nchi kwa miongo mingi. Gavra, akiwa mtu mzima, ndiye aliyeiandikia Yad Vashem, taasisi ya Jerusalem inayotunza kumbukumbu za Wayahudi waliouawa na Wanazi. Mwaka 1987 Vesel, Fatima na Refik wakawa Waalbania wa kwanza kutunukiwa nayo heshima ya Waadilifu miongoni mwa Mataifa, wanayopewa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha kuwaokoa Wayahudi.

Akina Mandil walikuwa wamerudi Novi Sad baada ya vita na kufungua tena studio. Wakamwita Refik. Safari hii mgeni alikuwa yeye: aliishi nyumbani kwao, akaendelea kujifunza kupiga picha kwa Moshe, hadi familia hiyo ilipohamia Israel.