Kifaransa nje ya kitabu cha kiada: dhana potofu na ukweli wake

Mwanafunzi anaweza kuandika kitenzi parler, yaani kuzungumza, katika nafsi zote sita bila kukosea hata herufi moja, kisha akasikia mtu akisema «ils parlent» asijue kama anayezungumza ni mmoja au ni wengi. Si uzembe wake. Parle, parles na parlent hutamkwa sawasawa, na ile -ent ya mwisho haisikiki kabisa. Sisi tuliolelewa na Kiswahili, lugha inayosomwa jinsi ilivyoandikwa, tunaamini macho yetu mno, na Kifaransa hakiwezi kushikwa kwa macho peke yake. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wafundishe nje ya kitabu cha kiada pia, na kila ninapowasihi hukutana na hoja zilezile.

«Ukiweka kitabu kando, umeiacha sarufi.»

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, tena kwa walimu ninaowaheshimu. Naielewa hofu yao, ila sarufi haikai kitabuni. Inakaa katika sentensi ambazo watu wanasemezana.

Chukua ukanushi. Kitabu kinafundisha kwamba kitenzi hukanushwa kwa maneno mawili, ne… pas, na kinafundisha sawa. Sasa wachezee wanafunzi dakika moja ya watu wawili wakiongea kawaida. Mara ya kwanza wasikilize tu na waseme wazungumzaji wako wapi. Mara ya pili wapige mstari daftarini kila wanaposikia pas. Mara ya tatu waitafute ne. Darasa hunyamaza, kisha mmoja ananyoosha mkono: «Mwalimu, ne haipo.» Ni kweli haipo, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku «je ne sais pas», yaani sijui, huwa «je sais pas», na mwenye haraka atasema «chais pas». Vivyo hivyo nous, yaani sisi, mara nyingi huipisha on. Hapo wanafunzi wenyewe wanauliza kwa nini, na hapo kitabu kinafunguliwa kwa hamu, maana kina jibu la swali walilolizaa wao: kwenye maandishi rasmi ne ni lazima.

Zoezi jingine halihitaji kitu chochote. Mwalimu anasema «il aime» (anapenda) au «ils aiment» (wanapenda), na darasa linainua kidole kimoja au kiganja kizima. Tofauti yote iko kwenye z ndogo inayounganisha maneno mawili. Siku ya kwanza viganja na vidole huchanganyika. Baada ya wiki moja ya dakika tatu tatu, mikono inapanda kwa pamoja.

Nani aliwahi kujaribu njia ya kukariri hadi mwisho? François Gouin, Mfaransa wa karne ya 19, alikwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Alikariri sarufi na vitenzi 248 visivyofuata kanuni, akaenda kusikiliza mhadhara, asielewe hata neno moja. Akaikariri na kamusi, na bado hakuelewa. Aliporudi nyumbani alimkuta mtoto wa ndugu yake, mwenye miaka mitatu, anazungumza Kifaransa vizuri tu. Alimtazama mtoto huyo akisimulia na kuigiza hatua kwa hatua yale aliyoyaona kwenye kinu cha kusagia nafaka, na kutokana na hayo akabuni njia ya kufundisha kwa vitendo vinavyofuatana, aliyoichapisha mwaka 1880. Hata leo inafaa: «Je prends le cahier. J'ouvre le cahier. Je cherche la page.» Yaani nachukua daftari, nafungua daftari, natafuta ukurasa. Mwanafunzi anasema huku anatenda. Wakati uliopo, vibainishi na jinsia ya nomino vyote vimo humo.

«Bila kompyuta na intaneti haiwezekani.»

Inawezekana. Mifano miwili kati ya mitatu niliyoitaja haikuhitaji umeme. Simu moja yenye sauti nzuri ikipatikana, RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina taarifa ya habari iitwayo Le Journal en français facile, ya dakika kumi hivi, pamoja na maandishi yake. Usicheze yote. Sekunde 40 zinatosha kipindi kizima.

«Kifaransa halisi ni kigumu mno kwa anayeanza.»

Ugumu uko kwenye swali unalouliza, si kwenye maandishi. Mpe mwanafunzi wa mwezi wa pili tiketi ya treni, umuulize msafiri anakwenda wapi na saa ngapi. Ataiona départ (kuondoka), ataiona arrivée (kufika), na atajibu. Habari hiyohiyo ya redio, anayeanza anaweza kuhesabu majina ya nchi aliyoyasikia, na wa mwaka wa tatu akaieleza kwa maneno yake.

Miaka ya 1950 watafiti wakiongozwa na Georges Gougenheim waliwarekodi watu wakizungumza ili wapate maneno ya Kifaransa yanayohitajika zaidi. Wakakuta jambo la ajabu: neno kama fourchette, yaani uma, ambalo kila Mfaransa analijua, lilikuwa halijitokezi kwa urahisi. Neno hilo linangoja mezani, haliji mpaka watu wazungumzie chakula. Ikabidi watafiti wawaombe wanafunzi wa shule waorodheshe maneno kwa kila mada. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito. Hata orodha iliyotengenezwa kisayansi ilihitaji kurudi kwenye hali ambamo neno linatumika, na mwanafunzi naye anahitaji kufikishwa huko.

«Kifaransa sahihi ni cha Paris.»

Leo Kinshasa ina wakazi wengi kuliko Paris, na Kifaransa ndicho lugha ya ofisi na shule zake. Mbelgiji na Mswisi wakitaja 70 husema septante, na 90 ni nonante, wakati kitabu kinamkokotesha mtoto kwenye quatre-vingt-dix, yaani nne-ishirini-kumi. Mtoto aliyesikia sauti moja tu kwenye kaseti ya kitabu atababaika siku atakapokutana na msemaji yeyote mwingine.

«Mtihani utawashinda.»

Hofu hii wazazi wanayo, na wana haki ya kuuliza. Basi tuutazame mtihani wenyewe. DELF, mtihani wa Kifaransa kwa wageni wa lugha hiyo, ambayo ina toleo la wanafunzi wa shule, hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila stadi kwa alama 25. Kufaulu ni 50 kati ya 100, na ukipata chini ya 5 kwenye stadi moja umeanguka hata kama nyingine zimekubeba. Nusu ya alama, basi, iko masikioni na mdomoni. Katika A1, ngazi ya wanaoanza, mtahiniwa huchukua kadi zenye neno moja moja, tuseme famille (familia) au vacances (likizo), na ni yeye anayepaswa kumuuliza mtahini swali.

Kadi hizo unaweza kuzikata kutoka karatasi zilizotumika upande mmoja. Nimewaona wanafunzi wanaojua kujibu kila kitu wakikwama hapo, kwa sababu kitabu kilikuwa kinawauliza wao miaka yote na hakuna aliyewahi kuwaachia nafasi ya kuuliza. Wakae wawili wawili, kadi katikati, dakika tano kila siku. «Tu as des frères?» Una kaka? Mwenzake anajibu, anachukua kadi inayofuata, anauliza.