Mafuta ya langilangi kwenye ngozi: maswali ninayoulizwa Kisumu

Nahudumu katika duka la dawa hapa Kisumu. Mara kwa mara mteja hutoa kichupa cha mafuta ya langilangi mkobani, amekinunua soko la Kibuye au ameletewa na jamaa kutoka Mombasa, akaniuliza kama anaweza kujipaka usoni. Nawajibu hivi.

Langilangi ni nini hasa?

Ni ua la manjano la mti uitwao mlangilangi. Watu wa pwani hulitia kwenye vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia, pamoja na asumini. Nchi ya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Maua huchumwa alfajiri harufu ikiwa imekolea, hupitishiwa mvuke, na mvuke ukipoa mafuta huelea juu ya maji. Rundo zima la maua hutoa mafuta haba. Ukiuziwa chupa kubwa kwa bei ya maandazi, shuku.

Ni ya maua tu, hayana kemikali. Si naweza kuyapaka hivyo hivyo?

Hapana, mama, tafadhali usifanye hivyo. Hata ua lina kemikali zake, na ndizo zinazolinukisha. Ndani ya kichupa zimekusanywa zikawa kali kuliko zilivyokuwa mtini. Madaktari wa ngozi wanayajua mafuta haya kama mojawapo ya vitu vinavyoleta mzio. Tena mzio hauji lazima siku ya kwanza: unaweza kujipaka wiki kadhaa ukiwa salama, kisha mwili uyakatae, na tangu hapo hata kidogo tu kikuwashe.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Muwasho ukipoa, mahali pale hubaki doa jeusi, na doa hilo huchukua miezi kufifia. Dada anatafuta uso laini, anapata mabaka.

Basi nichanganye vipi?

Chukua mililita 30 za mafuta ya kawaida ya kupaka, utie matone 3 ya langilangi. Hiyo ni karibu nusu asilimia, inatosha kunukia. Ya nazi yanafaa mikono na miguu (asubuhi za baridi kule Nakuru utayakuta yameganda, si kwamba yameharibika), lakini mwenye chunusi asiyapake usoni, huziba vinyweleo. Usitie matone kwenye maji ya kuoga. Mafuta hayachanganyiki na maji, yataelea na kukugusa yakiwa makali vile vile.

Kabla ya kujipaka, jaribu mchanganyiko wako mahali padogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Pakiwasha au pakivimba, nawa kwa sabuni isiyo kali na uachane nayo.

Yanatibu chunusi au kuondoa madoa?

Mimi huyauza kama harufu, si dawa. Ngozi italainishwa na yale mafuta ya kawaida uliyochanganyia. Mwenye madoa atasaidiwa zaidi na losheni ya kukinga jua, maana jua la huku huyakoleza, na chunusi sugu zipelekwe kwa daktari. Mwenye pumu ya ngozi akae mbali na kila kitu chenye manukato.

Kichupa changu kina miaka miwili. Bado kiko sawa?

Ulikiweka wapi? Kama kilikaa dirishani kwenye joto la Kisumu, kitupe. Hewa, joto na mwanga huyageuza mafuta haya, na yakishageuka huwasha zaidi. Yahifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi, kifuniko kikazwe, mahali pa baridi.

Nina mimba, na nyumbani nina mtoto anayetambaa.

Mimba ikiwepo, muulize kwanza muuguzi wa kliniki yako. Mtoto mchanga usimpake kabisa, na kichupa kiwe juu kabatini pasipofikika. Mtoto akinywa, hata kama ni kidogo, usimtapishe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni wakati anatapika. Mkimbize hospitali na ubebe kichupa chenyewe, daktari aone alichokunywa.